Opareta Aliyetufundisha Kuuliza

Mjini Homa Bay kila mtu alimwita Opareta, hata watoto waliozaliwa baada ya ile mashine ya simu ya kuunganisha kwa mkono kung'olewa kule posta. Alikuwa ameketi mbele ya mashine hiyo kwa miaka mingi, hedifoni ikiwa imembana sikio la kushoto, akiwaunganisha watu na Kisumu, Nairobi na kwingineko. Mimi nilimjua katika miaka ya tisini, yeye akiwa amestaafu na mimi nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja nje kidogo ya mji. Alizaliwa wapi, na watu wake ni kina nani, sikuwahi kumuuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza asiloulizwa. Ninayoyajua ni ya hospitalini, na yalianza kwa kosa langu mwenyewe.

Daktari wetu alikuwa ametuletea karatasi ya kupima akili za wazee. Mtu aliulizwa siku na mahali alipo, akapewa maneno matatu ayashike na kuyarudia baadaye, akafanya hesabu ndogo, akarudia sentensi, akanakili mchoro. Alama zote thelathini. Karatasi haikusema mtu ana ugonjwa gani. Ilionyesha tu nani apelekwe kwa daktari akaangaliwe zaidi. Sisi wauguzi tulifundishwa asubuhi moja, kabla ya chai. Baada ya chai tukaanza kupima watu.

Opareta aliletwa na mpwa wake, mtoto wa kaka yake, mwanamume nadhifu mwenye duka la vifaa vya ujenzi Migori.

"Sista, huyu mama amechanganyikiwa," aliniambia mbele yake. "Ukimwita haitiki. Ameunguza sufuria mbili mwezi huu. Nataka barua nimhamishie kwangu, chifu asije akasema nimemtoa nyumbani kwake kwa nguvu."

Nilimpima kwenye korido, karibu na dirisha la sindano, watoto wakilia. Nilikaa kushoto kwake kwa sababu ndiko kulikokuwa na kiti. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nikawa natafsiri kichwani mwangu maswali yakinitoka mdomoni. Nikamwambia ashike maneno matatu: ndizi, jembe, barua. Akasema, "Ndizi, jembe, balaa." Nikamkata alama. Mchoro aliunakili kama mtu anayeandika gizani; miwani yake ilikuwa kwenye mkoba, na mkoba alikuwa nao mpwa, aliyekwenda kunywa chai. Alipata alama kumi na mbili. Daktari hakuwepo siku hiyo. Afisa wa zamu alizitazama alama, akaandika barua mistari mitatu, akapiga muhuri. Mpwa alinishukuru. Yule mama alinitazama usoni, kisha akasoma beji yenye jina langu.

Wiki tatu baadaye alirudi peke yake kutoka Migori. Alinikuta nikipanga mafaili.

"Unanikumbuka?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Mimi pia nakukumbuka. Kaa chini."

Nikakaa. Akaniambia mtihani wote aliofanyiwa, swali kwa swali, kwa mpangilio wake. Alitaja lile nililoliuliza mara mbili, lile nililoruka, na lile nililolianza kwa Kiingereza nikalimaliza kwa Kiswahili. "Neno la tatu ulilimeza," alisema. "Ulikuwa umegeuka kumwambia mtu afunge bomba. Hilo sikio ulilokuwa unaliambia limestaafu, sista. Lilistaafu kabla yangu. Mbona hukuuliza kama nasikia?"

Hakuwahi kusema kwamba ni kiziwi upande mmoja. Sikio limestaafu, basi. Hata sufuria zilizoungua zilikuwa na maelezo: alipikia chumba kimoja, akasikiliza redio chumba cha pili, na chakula kikichemka kupita kiasi hakimpigii mtu simu.

Nilikwenda kwa matroni nikamweleza yote. Nilitamani kuficha, lakini sikuona pa kufichia. Matroni akampima upya mwenyewe, ofisini, mlango ukiwa umefungwa, upande wa kulia, miwani ikiwa usoni, kwa Kiluo kutoka mwanzo hadi mwisho. Alikosa alama mbili, zote za mchoro, na juu ya moja alibishana mpaka kalamu ikakauka. Afisa wa zamu akaandika barua ya kufuta ile ya kwanza. Mpwa alipofika na pikapu kumchukua, Opareta alimwonyesha barua hiyo dirishani, kioo kikiwa kimefungwa, akaishikilia hapo mpaka mpwa alipomaliza kuisoma. Kisha akafungua mlango na kumkaribisha uji.

Matroni ndiye aliyemwomba aje atufundishe kupima.

"Alhamisi nitakuja," alisema. "Jumanne nina kwaya."

Alikuja kila Alhamisi kwa miaka zaidi ya mitano. Hakulipwa, ila chai ya maziwa na mandazi mawili, na mandazi yakiwa ya jana alisema wazi.

Alhamisi ya kwanza alifanya jambo ambalo halijanitoka. Alijigeuza mgonjwa. Aliandika majibu yake kwenye daftari nyumbani, mengine sahihi, mengine ya kukosea, mengine ya katikati, akaingia chumbani na wauguzi watano, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alipewa majibu yale yale, kwa sauti ile ile, hata kukohoa akakohoa mahali pale pale. Kisha akatuweka pamoja akatuambia tusome alama tulizompa. Wa kwanza ishirini na tatu. Wa pili kumi na sita. Mimi kumi na tisa. Hakuna wawili waliolingana.

"Mimi ni mmoja," alisema. "Asubuhi ni moja. Sasa niambieni nani kati yenu alinipima mimi, na nani alijipima mwenyewe."

Akafungua daftari akaanza kutuonyesha. Huyu alitikisa kichwa kila jibu lilipokuwa sahihi, kwa hiyo mgonjwa alipokosea alijua, akabadilisha jibu. Yule aliuliza, "Leo ni Alhamisi, sivyo?" badala ya kuuliza leo ni siku gani. Mwingine alimpa nusu alama, na karatasi haina nusu alama. Mwingine alisoma maneno matatu kama mtu anayefukuzwa na mbwa.

Mwendo wa kusema ndio uliomshughulisha kuliko yote. Kazini kwake alikuwa amezoea kutaja nambari moja moja, hakuna inayomkanyaga mwenzake, na alituketisha tukasoma maneno vivyo hivyo, akigonga sakafu kwa kisigino: neno, kisigino, neno, kisigino. Tulicheka. Wiki ya tatu tulikuwa tumeacha kucheka na tumeanza kugonga.

Jambo jingine lilikuwa uso. Alisema uso wa muuguzi una maneno mengi kuliko mdomo. Alituweka mbele ya kioo cha chumba cha kubadilishia nguo, tukajifunza kupokea jibu sahihi na jibu la ovyo kwa sura moja. Si sura ya ukali, alisisitiza. Sura ya mtu anayesikiliza simu ya mbali. Kuna mwenzetu alikuwa na huruma nyingi, mgonjwa akikwama yeye hutoa machozi na kumdokezea jibu. Opareta alimpenda kuliko sisi wote, na ndiye aliyemkaripia zaidi.

"Unamsaidia hapa; akienda nyumbani nani atamsaidia?" alimuuliza. "Wewe utakuwa hapa na machozi yako."

Na maneno yenyewe. Aliikusanya karatasi ya Kiingereza na tafsiri zetu, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake, akakaa na matroni na katekista mmoja aliyejua Kiluo cha ndani, wakatengeneza moja tu. Ile sentensi ya kurudia ilikuwa haina maana kwa Kiluo, ukiitafsiri inageuka kitu cha kucheka, wakatafuta nyingine yenye ugumu ule ule, daktari akaikubali. Baada ya hapo hakuruhusu mtu kubadilisha hata herufi. Kama mzee anajua Kikuria tu, tusubiri mtu wa Kikuria, tusibahatishe.

Aligombana na daktari mara moja, ninavyojua. Mzee mmoja aliulizwa ni siku gani, akasema ni siku ya soko Oyugis. Daktari alitaka tumpe alama, maana ilikuwa kweli. Mwenzetu mmoja alikuwa amemnyima. Opareta akasema wote wawili wamekosea.

"Andika alichosema," alisema. "Kama alivyosema. Daktari atasoma ataamua, na akiamua leo, aamue hivyo kesho kwa mwingine. Lakini akikuta hapa sifuri tu, atajuaje kwamba mzee alisema soko?"

Daktari akachora kwenye karatasi nafasi ndogo kando ya kila swali, ya kuandikia maneno ya mgonjwa. Nafasi hizo zilibaki kwenye karatasi zetu muda wote niliokuwa pale.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na makosa yake na nilikaa naye karibu ya kutosha kuyaona. Umri wake alidanganya. Mbele ya swali la mwaka wa kuzaliwa alitoa miaka mitatu tofauti kwa wauguzi watatu, na alipobanwa akasema alikuwa anatujaribu. Siri za simu za mji mzima alikuwa nazo, nani alimpigia nani na nani alilia, na katika miaka yote hiyo sikumsikia akitoa hata moja. Lakini ya kanisani, ya sokoni na ya majirani aliyasema yote kabla chai haijapoa. Kukosea hakukubali kabisa. Ukimwonyesha kwamba amesoma vibaya, alikuwa anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena na kusema, "Ndivyo nilivyosema." Na katika kwaya, wenzake waliniambia, ndiye aliyekuwa akiwanong'onezea waimbaji mistari walipoisahau.

Hilo la kunong'ona nilikuwa nalichukulia kama kichekesho, mpaka alipokuja yule mzee wa Uriri.

Alikuwa fundi wa laini wa posta zamani, mmoja wa wale waliokuwa wakipanda nguzo mvua ikikata waya. Binti yake alimleta kwetu, mwanamke wa makamo mwenye shamba lake, kwa sababu mzee alikuwa ameanza kuuliza jambo moja mara nyingi. Niliposoma jina lake kwa sauti, Opareta alisimama. Kwa miaka mingi, aliniambia haraka haraka, walikuwa wamejuana kwa sauti tu: yeye yuko kwenye mashine, fundi yuko juu ya nguzo mahali fulani kati ya Rongo na Migori, anajaribu laini. "Opareta, unanipata?" "Nakupata, fundi." Walionana uso kwa uso mara chache, kwenye sherehe za kuaga wenzao.

Kawaida, alipotusimamia tukipima wagonjwa, alikaa nyuma ya mgonjwa ili asionekane. Siku hiyo alikivuta kiti chake akakaa kando yangu. Niliona, sikusema kitu.

Mzee alikuwa mchangamfu na mwenye adabu. Maneno matatu aliyarudia vizuri mara ya kwanza. Tulipofika mahali pa kuyakumbuka, alipata mawili akakwama. Alitazama dari, akatazama viatu vyake, kisha akatazama kando yangu. Akasema la tatu. Sikuhitaji kugeuka kujua kilichotokea. Niliona kivuli cha mdomo wa Opareta kwenye kioo cha dirisha. Awali, kwenye swali la siku, alikuwa ameitazama kalenda ukutani kwa muda mrefu mno, na mzee akafuata macho yake.

Nilimpa alama zote mbili. Kwa alama hizo alivuka mstari, na isingekuwa hivyo angepelekwa kwa daktari. Nilimwambia binti yake kwamba baba ni mzee tu, yuko sawa. Opareta aliwasindikiza mpaka kwenye geti, akicheka kama msichana.

Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Nilijiambia ni alama mbili. Nilijiambia pia kwamba yeye ni mkubwa wangu, na mtu aliyemkosea kama nilivyomkosea mimi hana mdomo wa kumsahihisha.

Baada ya miezi miwili hivi binti alirudi peke yake. Baba yake alikuwa ameendelea kuwapeleka ng'ombe mtoni kila siku, kwa kuwa tulisema yuko sawa. Siku moja ng'ombe walirudi, yeye hakurudi. Walimtafuta siku mbili. Alipatikana mbali, ng'ambo ya Migori kuelekea Isebania, ameketi kwenye shamba la miwa la watu, mguu mmoja hauna kiatu na umepasuka vibaya. Alikuwa akiitafuta nguzo iliyoanguka.

"Sista, si mlisema yuko sawa?" binti aliniuliza. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika.

Nilimwambia amlete tena, nikamwahidi kwamba daktari atamwona mwenyewe. Kisha nilikwenda nyumbani kwa Opareta nikamweleza. Alikuwa anapepeta mtama. Aliendelea kupepeta mpaka nilipomaliza, akasema, "Alhamisi," akaingia ndani.

Alhamisi hiyo tulikuwa wauguzi wanane na matroni. Opareta hakuwa na tabia ya kusimama anapofundisha, lakini alisimama.

"Yule mzee wa Uriri nilimnong'onezea," alisema. "Si kwa sauti, kwa midomo. Neno la tatu. Na siku ya wiki nikaitazama kalenda ili naye aitazame. Niliona ameaibika, sikuweza kumtazama akiaibika. Sasa amelala na kidonda. Sista hapa aliona akanyamaza kwa sababu ya heshima. Kosa lake ni dogo. Langu ni kubwa."

Nikasimama nami. "Kalamu nilikuwa nayo mimi," nilisema. "Alama niliandika mimi. Si dogo."

Alinitazama, nikadhani atavua miwani na kuifuta. Hakuivua. Alitikisa kichwa kukubali, akaketi. Matroni akaandika agizo kwamba msimamizi akae nyuma ya mgonjwa bila kujali ni nani, kalenda ikaondolewa ukutani, na yeyote atakayeletewa mtu anayemjua amwachie mwenzake ampime. Kisha Opareta akasema, "Nani wa kwanza leo?" na tukaendelea na mazoezi mpaka saa ya chakula.

Mzee alipimwa upya na mwenzangu, nami nikakaa nje. Alama zilikuwa chini sana. Daktari alimpima damu na macho, akampa dawa ya alichoweza kutibu, na kuhusu kilichobaki akamwambia binti ukweli. Mguu haukupona vizuri. Nilisikia baadaye kwamba Opareta alisafiri hadi Uriri, akakaa na yule binti jikoni, akamwambia mwenyewe alichofanya. Binti alimwambiaje sijui. Ninachojua ni kwamba hakufukuzwa.

Nilihamishiwa upande wa Migori mwishoni mwa miaka ile, baada ya mvua kubwa zilizoharibu barabara. Nikawa natembelea wagonjwa majumbani, na siku moja orodha yangu ilikuwa na jina la yule fundi. Nilifika mchana. Binti yake alikuwa shambani. Alinipungia mkono niingie tu.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba kivulini mwa nyumba, amevaa koti, mguu mbaya umeinuliwa juu ya stuli. Kando yake aliketi Opareta, anamenya viazi vitamu. Alikuwa amekonda, na nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Alisema huja kila mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anarudi.

Mzee alinisalimia vizuri, kisha akamgeukia.

"Nyaminwa," akamwita, dada yangu. "Mama amerudi sokoni?"

Opareta aliweka kisu chini. "Bado," alisema kwa Kiluo, taratibu, kila neno peke yake. "Yuko njiani. Amesema tusile viazi kabla hajafika."

"Ataleta samaki?"

"Ataleta. Wakubwa wawili."

Mzee akatulia. Baada ya muda akauliza tena kuhusu mama, naye akamjibu tena, kwa sauti ile ile, kama hajawahi kuulizwa. Mara ya nne nadhani nilikuwa nimemkazia macho, kwa sababu aligeuka kwangu, sikio zuri mbele.

"Usinitazame hivyo, sista," alisema. "Hapa hakuna karatasi."

Akanisukumia sahani ya viazi na kisu cha pili. Nikaweka mkoba wangu chini, nikanawa mikono kwenye karai, nikakaa upande wa pili wa mzee nikaanza kumenya. Punde mzee akanigeukia mimi, akaniuliza kama nimekutana na mama yao njiani.

Nikamwambia ndiyo, nimempita pale darajani, na alikuwa anakuja.